Picha ya Ishirini na Tano

Tampere, Februari ya mwaka hamsini na tisa.
Chumba hakina dirisha. Projekta na kamera zimekabiliana
kama wakwe walionuniana,
na katikati yao Aulikki Rantakoski,
bisibisi mdomoni, penseli sikioni.
Mimi mwanagenzi wake, kazi yangu kushika tochi.

Sinema ni ya wasukuma magogo wa kaskazini.
Ukumbini ilitulia kama maziwa ndani ya bakuli.
Hapa, kwenye kioo kisichozidi sinia,
theluji inapumua.
Inang'aa, inafifia. Inang'aa, inafifia.
Mara mbili kila sekunde; nimehesabu kwa saa ya baba.

"Weusi haulalamiki," aliniambia.
"Weupe ndio mbea, hutangaza kila kosa,
na nchi hii, kijana, nusu mwaka ni weupe mtupu."
Hakukitazama kioo. Alitazama ukuta,
akakiacha kimguse pembeni mwa jicho.
"Jicho la mbele lina adabu, husamehe.
La pembeni ndilo shahidi."

Picha ishirini na nne kwa sekunde,
na pangaboi la projekta lina mapanga mawili:
kila picha hufumbwa na kufumbuliwa mara mbili.
Arobaini na nane.
Televisheni inafuata mapigo ya umeme wa mtaani.
Hamsini.
Wasafiri wawili, njia moja, hatua hazilingani;
wakienda sambamba, nuru; wakipishana, kiza.

Wiki tatu.
Tuliweka kioo cha kijivu mbele ya taa, theluji ikawa majivu.
Tulipunguza nuru, watu wakapotea, yakabaki magogo.
Mhandisi mkuu, Bwana Lindeqvist, akashauri
watazamaji wakae mbali zaidi.
"Nyumba za Pispala," akajibu Aulikki,
"hazina huko mbali zaidi."

Kisha usiku mmoja akaja na gia ndani ya soksi,
shemeji yake kaichonga kwa siri karakanani.
Jino moja la nyongeza.
Picha ishirini na tano, kope mbili: hamsini.
Bado ukanda mweusi ulipanda kioo taratibu, kama konokono.
Akalisogeza pangaboi upana wa ukucha,
akasogeza tena,
na theluji
ikalala.

Nilipiga makofi. Yeye alikuwa anaandika:
sinema ya dakika mia, sasa tisini na sita.
Chini yake akapiga mstari.

Jumatatu akaja mwanamke wa kinu cha pamba,
nyuzi zimemganda kwenye sweta.
Impi Kuusela, mjane wa Eelis,
yule anayehesabu magogo kwa sauti kwenye sinema
miezi miwili kabla mto haujamchukua.
"Picha imetulia, nashukuru.
Lakini Eelis alikuwa na sauti nzito kuliko ile.
Mmemfanya nini?"

Nilitaka kumwambia ni spika, ni masikio, ni baridi.
Aulikki akautoa ule mdomo wake bisibisi.
"Tumemharakisha, mama. Kidogo tu.
Ndiyo bei ya utulivu."

Impi akakaa juu ya kasha la filamu.
Akavua glavu moja.
"Kwa hiyo anaufikia mto mapema."

Hakuna aliyejibu.
Saa nne usiku, mitambo ya matangazo imezimwa,
Aulikki alifungua ubavu wa projekta,
akang'oa gia ya shemeji, akairudisha ile ya zamani,
mikono nyeusi kwa grisi mpaka vifundoni.

Kioo kikawaka. Theluji ikaanza tena kupumua,
mara mbili kila sekunde,
na mtu mwenye kofia ya sufi akatokea, akafifia, akatokea,
akihesabu polepole, kwa sauti ya chini,
gogo la kumi na saba, la kumi na nane.

"Huyo," akasema Impi.

Nikauinua tochi bila sababu.
Aulikki alikuwa ametazama ukuta.